Tuulize Kwanza, Kisha Turudi



Hapa Goma, taasisi ya utafiti ya Pole Institute ilianzishwa mwaka 1997. Bei ya koltani ilipopanda duniani mwaka 2000, wengi walizungumzia madini na silaha tu. Watafiti wake waliuliza jinsi koltani ilivyobadilisha maisha ya wakaaji wa Kivu Kaskazini, na ripoti yao ikatoka Januari 2002. Mgodi uliolisha vita ulikuwa pia unalisha watoto.

Sisi tunaoleta mipango ya amani tuna deni. Aliyetupa majibu yake arudishiwe matokeo, asomewe kwa Kiswahili, naye atukosoe. Tusiporudi, tumemchukulia maneno yake kama wengine wanavyomchukulia madini yake.