Kuingia Si Kukaa: Kufunga Kishikio cha Kerezo kwa Usalama

Maelezo yaliyotolewa mbele ya mafundi seremala na wanafunzi wa ufundi wa mbao



Leo tumekuja kuzungumza juu ya kifaa kimoja tu cha mashine ya kukerezea mbao, yaani kerezo. Kifaa hicho ni kile chuma kizito chenye taya nne, kinachofungwa mbele ya mashine ili kuushika mti unaokerezwa. Karakanani kina majina mbalimbali. Sisi tutakiita kishikio. Na tukisema mhimili, tunakusudia kile chuma cha mviringo chenye nyuzi, kinachojitokeza kwenye kichwa cha kerezo na kuzungushwa na mota.

Matendegu ya kitanda na miguu ya meza hukerezwa mti ukiwa umebanwa kati ya ncha mbili, moja kila upande. Bakuli haliwezekani kwa njia hiyo. Ili tumbo lake lichimbwe, sharti lishikwe upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Hapo ndipo kishikio kinapohitajika, na hapo ndipo hatari inapoingia, kwa kuwa uzito wote wa mti na nguvu yote ya patasi hubebwa na nyuzi chache za chuma.

Tupige hesabu ndogo. Kipande cha mninga chenye upana wa sentimita 30, kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kilomita 56 hivi kwa saa. Huo ni mwendo uliozidi ule wa kilomita 50 unaoruhusiwa kwa magari katika maeneo ya makazi. Kishikio kikifunguka katika mwendo huo, mti na chuma huondoka pamoja, na aliyesimama mbele yake ni fundi mwenyewe. Kwa hiyo neno tulilokuja nalo leo ni fupi: kuingia si kukaa. Kishikio kuingia kwenye mhimili si dalili ya kwamba kimekaa.

Tuanze na ununuzi, maana makosa mengi huanzia dukani. Nyuzi za mhimili zina vipimo viwili, na vyote viwili ni lazima vijulikane kabla fedha haijatoka mfukoni. Cha kwanza ni kipenyo, yaani unene wa mhimili juu ya nyuzi. Cha pili ni hatua, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi uzi unaofuata. Mashine nyingi zinazotumia vipimo vya metriki huandikwa M33 × 3.5, maana yake kipenyo cha milimita 33 na hatua ya milimita 3.5. Zilizoundwa kwa soko la Marekani aghalabu huwa na mhimili wa inchi 1 wenye nyuzi 8 kwa kila inchi, na zile kubwa huwa na inchi 1¼ yenye nyuzi 8. Mashine ndogo za Uingereza, hasa za zamani, nyingi zina inchi ¾ yenye nyuzi 16. Anayenunua kerezo la mtumba anaweza kukutana na lolote kati ya hayo.

Mtego uko hapa. Mhimili wa inchi 1¼ una unene wa milimita 31.75. Mtu akiutia kishikio cha M33, kitaingia kidogo kisha kitakwama, kwa kuwa hatua za nyuzi hazilingani. Mnunuzi hudhani kwamba kifaa ni kipya na kinahitaji nguvu. Huchukua spana, na kwa dakika moja huharibu nyuzi za kishikio na za mhimili pamoja. Kerezo ambalo mhimili wake umeharibika ni hasara kubwa kuliko bei ya kishikio chenyewe.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haukwami. Yako makerezo yenye mhimili wa M30 × 3.5. Hatua yake ni sawasawa na ile ya M33 × 3.5. Kishikio cha M33 kikitiwa kwenye mhimili huo huingia kwa ulaini mpaka mwisho, na mnunuzi hufurahi. Kumbe nyuzi zinagusana kwa ncha tu, kwa sehemu isiyofika nusu milimita kila upande. Kishikio cha namna hiyo kinaweza kustahimili mti mwepesi siku ya kwanza, kisha kikang'oka siku ya gogo zito. Kwa hiyo mkishika kishikio kwenye mhimili na kukitikisa, kikicheza huku na huku kama kofia kubwa kichwani, msikinunue, hata kama kimeingia chote.

Namna ya kupima si ngumu. Chukueni kalipa mpime kipenyo. Kisha lazeni rula juu ya nyuzi mhesabu ni ngapi katika milimita 25.4, ambayo ni inchi moja. Andikeni vipimo hivyo kwenye karatasi na mwende nayo dukani. Jueni pia kwamba vishikio vingi vya kisasa huuzwa vikiwa na tundu kubwa, pamoja na adapta yenye nyuzi inayochaguliwa kulingana na mashine ya mnunuzi. Faida yake ni kwamba ukibadilisha kerezo, unabadilisha adapta peke yake. Sharti lake ni kwamba adapta ikazwe barabara ndani ya kishikio kabla ya kazi, kwa kuwa ikilegea hiyo, kishikio kizima kimelegea.

Sasa tuje kwenye kufunga kwenyewe. Kwanza, zimeni mashine na mchomoe plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu swichi huweza kuguswa na kiwiko.

Pili, safisheni nyuzi za mhimili na za kishikio kwa brashi kavu. Hata mswaki mkuukuu unafaa. Kisha futeni bega la mhimili na uso wa kishikio unaokutana nalo. Bega ni ule ukingo bapa ulio mwisho wa nyuzi. Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri, maana ndilo kiini cha somo letu. Nyuzi kazi yake ni kuvuta. Kinachokinyoosha kishikio na kukikalisha ni bega. Unyoya mmoja wa randa, au tone la utomvu lililokauka, likibaki kati ya bega na kishikio, kishikio hukaa upande, mti huyumba, na mtikisiko huo huendelea kukilegeza kadiri kazi inavyoendelea. Pitisheni ncha ya kidole juu ya bega. Mkihisi kijino cha chuma kimeinuka, kiondoeni taratibu kwa tupa laini.

Tatu, kama kishikio kina skrubu ndogo ya ubavuni, ilegezeni kwanza ili ncha yake isikwaruze nyuzi.

Nne, beba uzito wa kishikio kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kizungushe polepole kinyume mpaka uhisi nyuzi zimeangukiana. Hapo ndipo ugeuze na kuanza kukifunga. Kinapaswa kwenda kwa vidole tu. Kikikaza katikati ya njia, usikilazimishe. Kitoe, safisha, anza upya.

Tano, kikifika kwenye bega, jaribuni kupitisha karatasi nyembamba kati ya viwili hivyo. Karatasi ikipita, kishikio hakijakaa. Isipopita, fungeni kizuizi cha mhimili na mkikaze kwa nguvu ya mkono. Msikigonge kwa nyundo. Wala msiwashe mota ili ikifunge yenyewe, kama tuonavyo wengine wakifanya kwa haraka. Kishikio kinachopigwa begani kwa nguvu ya mota hung'ang'ania kiasi kwamba kukifungua huwa taabu, na mkono ulio karibu huumia.

Wako mafundi wanaovisha pete nyembamba ya plastiki kati ya bega na kishikio ili kisigande. Hilo halina ubaya iwapo pete ni bapa na unene wake ni mmoja pande zote. Lakini pete isitumiwe kuficha uwazi au kusahihisha kishikio kisicholingana na mhimili.

Sita, kazeni ile skrubu ya ubavuni, ikiwa mhimili una mfereji wa kuipokea. Skrubu hiyo ndiyo kinga pale mashine inapozungushwa kinyume, kwa kuwa mzunguko wa kinyume hufungua nyuzi. Kama kishikio hakina kinga ya aina hiyo, msizungushe kinyume kabisa. Na mashine inayosimama ghafla ina hatari hiyo hiyo: mhimili husimama, lakini gogo zito bado lina mwendo, nalo huendelea kujizungusha na kujifungua.

Kishikio kikishakaa, bado mti nao unapaswa kukaa. Ulimi wa mti usiguse chini ya kishikio. Mabega ya mti ndiyo yaegemee juu ya taya. Taya zifuate namba zake, 1 hadi 4, kila moja katika mfereji wenye namba hiyo, na zisitoke nje kupita kiasi, kwa kuwa zikizunguka hazionekani, nazo huvunja vidole. Pale inapowezekana, kichwa cha nyuma cha kerezo kiegemezwe kwenye mti mpaka ukingo uwe umelingana. Ufunguo wa kishikio usiachwe hata kidogo ndani yake. Ama uko mkononi, ama uko mahali pake ukutani. Zungusheni mti kwa mkono duru nzima kabla ya kuwasha, vaeni ngao ya uso, anzeni kwa mwendo wa chini kabisa, na msisimame katika mstari ambao mti ungerukia.

Mwisho, tuseme juu ya haki yenu. Dai risiti, na dai iandikwe kipenyo na hatua ya nyuzi, si neno "kishikio" peke yake. Muuzaji aliyeandika M30 akakupa M33 hana pa kujificha. Aliyeandika "kishikio kimoja" anapo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Lakini sheria hufuata baada ya jambo kutokea, na kidole kilichokatika hakirudishwi kwa risiti. Kinga ya kwanza ni kalipa, brashi na dakika tano za subira.

Ndugu zetu, mtakaporudi karakanani kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, kifungueni kishikio mlichokifunga jana, mlitazame bega lake. Mkikuta vumbi pale, mtakuwa mmejua kwamba kiliingia, lakini hakikukaa.