Sauti yetu ni kazi: maneno tuliyowaambia vijana wa Lweba



Leo tunasema juu ya kazi ya sauti. Kusoma tangazo la redio, kusimulia filamu, kuweka Kiswahili juu ya maneno ya mtu anayesema lugha ingine. Wengi wanafikiri ni mchezo, eti mwenye mdomo anaweza. Lakini Tanzania, Lufufu alijulikana sana kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya wako na DJ Afro, Uganda wako na VJ Jingo kwa Kiganda. Na kwetu Kongo, Redio Okapi inasema tangu tarehe 25 Februari 2002 kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Hizo zote ni sauti za watu waliojifunza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu siye wa wilaya ya Fizi? Kwa sababu hapa kando ya Tanganyika kipindupindu si hadithi. Tangazo la kusafisha maji likisomwa mbiombio, mama anabaki na neno "dawa" peke yake, kipimo kimempita. Hapo sauti mbaya inaweza kuleta kifo nyumbani.

Basi tuanze na mdomo. Kwanza, elewa maandiko mbele ya kuyasoma. Chora mstari mahali pa kuvuta pumzi, na pumzi itoke tumboni, si kwenye mabega. Tarakimu ziandike kwa maneno ili usikwame. Tangazo la sekunde 30 linabeba maneno kama 50 au 60. Ukipewa 90, usikimbie, omba yapunguzwe.

Pili, matamshi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kuna mitego. "Barabara" ya kupita gari na "barabara" ya kusema sawasawa hazikazwi mahali pamoja. Halafu kuna L na R. Mtu anayewaita raia "kupiga kura" na sikio likasikia "kula", amechekesha watu siku ambayo alipaswa kuwaamsha. Majina ya vijiji na ya watu, ya Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge, uliza wenyewe namna yanavyotamkwa. Kuharibu jina la mtu ni kumdharau.

Tatu, jua unasema na nani. Hapa kuna waliokulia kambini Nyarugusu na wakarudi na Kiswahili cha Tanzania. Kuna wavuvi, kuna mama wanaouza ndagala. Sema kama unasema na mtu mmoja aliyekaa mbele yako. Usijifanye mtangazaji wa Ulaya.

Sasa tuende kwa vyombo. Msiseme "hatuna studio." Simu nzuri na chumba kidogo vinatosha kwa kuanza. Mwangwi unauawa na vitu laini: godoro ukutani, nguo zilizotundikwa, blanketi nyuma yako. Bati ni adui wakati wa mvua, na jenereta ya jirani ni adui kila saa, kwa hiyo rekodi alfajiri. Weka simu kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati. Mikro ikae mbali na mdomo kama shubiri moja, na kidogo upande, kwa maana P na B zinapuliza upepo. Kitambaa chepesi juu ya mikro kinasaidia.

Kabla ya kusema, acha sekunde 10 za kimya. Ukimya huo unasaidia kuondoa makelele baadaye. Kwenye kompyuta tumieni Audacity, ni ya bure. Sauti kubwa kabisa isipite desibeli -6. Ikigusa sifuri inapasuka, na hakuna fundi wa kuiponya. Hifadhi kwa WAV. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama dokima, si kama vokali, maana vokali inabana sauti na kuiharibu.

Jambo lingine ni feza. Tunajua vijana waliosoma matangazo wakapewa T-shati na soda, na sauti zao zikaendelea kupigwa miaka. Kongo iko na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi na haki jirani. Kabla ya kufungua mdomo, andikeni karatasi: tangazo gani, redio gani, muda gani, bei gani. Na siku hizi ongezeni mstari mmoja: sauti yangu isitumiwe kufundisha mashine bila ruhusa yangu. Mashine inaweza kuiga sauti yako, ukajisikia unasema jambo ambalo hukusema.

Mwisho, dhamiri. Jirani zetu Rwanda walisikia redio ya RTLM mwaka 1993 na 1994. Wasomaji wake walikuwa na sauti tamu, na utamu ule ulibeba mauaji. Hapa kwetu vokali za chuki zinazunguka, kabila hili juu ya kabila lile. Mtu akikuletea maandiko ya namna hiyo, hata aweke dola mezani, kataa. Na ukipokea vokali usiyojua imetoka wapi, usiisambaze.

Sasa kazi. Jigaweni watatu watatu. Kila kikundi kiandike tangazo la sekunde 30 juu ya maji safi, mlirekodi, mwende nalo sokoni. Mchezeeni mama mmoja mara moja tu, kisha mumuombe arudilie kipimo. Akikisema sawa, sauti yenu imefanya kazi. Akikosa, msimlaumu yeye. Rudini, mrekodi tena.