Umetubu, Usidanganye Kwenye Fomu



Swali naulizwa sana hapa Bondeni: "Nilikuwa navuta bangi, nimeacha. Sasa naomba kazi ya ulinzi. Niseme ama ninyamaze?"

Dini inatufunza kusitiri makosa yetu, si kuyatangaza maskani. Lakini kujisitiri si kudanganya. Usipoulizwa, huna haja ya kujianika. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi: nilitumia, niliacha mwaka fulani, na fulani ni shahidi wangu.

Cheti cha tabia njema cha DCI kinatokana na alama za vidole. Kama korti ilikuhukumu, rekodi iko. Kama hukushikwa, hakuna karatasi inayojua. Unajua wewe na Mola wako. Hapo ndipo mtihani ulipo.

Ukweli unaweza kukukosesha kazi moja. Uongo ukifichuka, umepoteza jina.

Na ukinyimwa kazi kwa sababu ya dini yako, hiyo ni kesi nyingine. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakulinda. Njoo tuipiganie, lakini njoo na mikono safi.