Uaminifu wa Hassan: Tatizo la Kufundisha Wahusika wa Riwaya ya The Kite Runner

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa fasihi



Nimeombwa nizungumzie wahusika wa The Kite Runner, riwaya ya Khaled Hosseini iliyochapishwa mwaka 2003, ambayo baadhi yetu tunaisoma na wanafunzi katika fasihi linganishi. Yatakayofuata ni maoni yangu binafsi. Sisemi kwa niaba ya taasisi ninayoitumikia, wala sikusudii kumlaumu mtunzi wa mwongozo wala mtahini yeyote.

1.0 Dhana ya mhusika

Sote hapa tunajua kuwa mhusika ni kiumbe anayebeba matendo na mawazo ya kazi ya fasihi. Tunajua pia mhusika mkuu na mdogo, bapa na duara, na kwamba hujulikana kwa maneno yake, matendo yake na yale wengine wanayosema juu yake. Sina la kuongeza hapo.

2.0 Wahusika kwa ufupi

Amir ni mtoto wa tajiri wa Kipashtuni katika mtaa wa Wazir Akbar Khan, Kabul. Mama yake alifariki akimzaa. Yeye ndiye mhusika mkuu na ndiye msimulizi. Baba ni mzazi wake, mtu mkubwa kwa umbo na jina, anayefundisha kwamba dhambi ni moja tu, wizi, na nyingine zote ni sura zake. Ali ni mtumishi wa nyumba hiyo, wa jamii ya Wahazara, si Mpashtuni, na Hassan ni mwanawe kwa jina. Rahim Khan ni rafiki wa Baba na mtunza siri. Assef ni mkinzani: mtoto wa mtaa huohuo anayemhusudu Hitler, ambaye baadaye tunamkuta miongoni mwa Taliban. Soraya ni mke wa Amir huko California, na Sohrab ni mtoto wa Hassan.

Kisa mnakijua. Majira ya baridi ya mwaka 1975, baada ya mashindano ya tiara, Hassan analawitiwa na Assef kichochoroni. Amir anaona, anakimbia. Kwa kushindwa kuishi na aibu hiyo, anaficha saa na pesa chini ya godoro la Hassan ili afukuzwe. Miaka mingi baadaye anaambiwa na Rahim Khan kwamba Hassan alikuwa damu ya Baba, ndugu yake.

3.0 Tatizo

Hapa ndipo ninapoomba muda wenu. Nimelisema jambo hili katika semina nyingine na sitachoka kulisema.

Mwanafunzi akiulizwa sifa za Hassan, huandika: ni mwaminifu, ni mpole, ni mvumilivu, ni msamehevu. Miongozo inasema hivyo, na majibu ya kusahihishia yanasema hivyo. Kila sifa inapata alama yake. Hakuna anayeulizwa: uaminifu huo ulitoka wapi, na ulimfaidi nani?

Tulinganishe na kitabu chetu wenyewe. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa moyo wote. Darasani hatumsifu kwa utumishi huo tukaishia hapo. Tunazungumzia ukabaila, tabaka, na namna mtu anavyofunzwa kuona unyonge wake kuwa wajibu. Kwa nini basi Hassan, anayepiga pasi nguo za mtoto wa rika lake na kulala katika kibanda cha udongo uani, tunamgeuza kuwa malaika? Ukabaila wa Zanzibar tunauona kwa sababu tumefundishwa kuuona. Wa Kabul tunaupita tukidhani ni urafiki.

Riwaya yenyewe haiufichi ukabaila huo. Wahazara, ambao wengi wao ni Mashia, walipigwa na kutawanywa na majeshi ya mtawala wa Afghanistan, Abdur Rahman Khan, miaka ya 1890. Amir anayasoma hayo katika kitabu cha marehemu mama yake, anakipeleka shuleni, na mwalimu anakunja pua. Mwalimu huyo, ndugu zangu, ni mhusika mdogo sana, lakini anatuhusu sisi kuliko wote. Halafu Ali alilelewa pamoja na Baba tangu utotoni, kama Hassan na Amir, na bado Ali akawa mtumishi wa Baba. Mpangilio wa nyumba unarithiwa vizazi viwili, na wanaoufurahia wanauita mapenzi.

Jambo la pili ni msimulizi. Karibu kila tunachokijua kuhusu Hassan tunakipata kwa Amir, mtu anayeungama. Anayeungama ana haja ya kumwona aliyemkosea akiwa safi kabisa, maana usafi huo ndio unaopima kosa lake. Sura moja tu, ya 16, inasimuliwa na Rahim Khan, na hapo tunakutana na Hassan mwingine. Anakimbia nje ya nyumba siku mama yake, aliyemtupa akiwa mchanga, anaporudi. Kesho yake ndipo anarejea na kumpokea. Anakubali kurudi Kabul kuitunza nyumba ya Baba, lakini anakataa kulala ndani yake. Mtu mwenye hasira, maamuzi na mipaka yake.

Hata kwa Amir, ushahidi upo tukiutafuta. Amir anapoandika hadithi yake ya kwanza, ya mtu ambaye machozi yake yanageuka lulu na anayemuua mkewe ili apate kulia, ni Hassan asiyejua kusoma anayeuliza kwa nini mtu yule asingenusa tu kitunguu. Huyo ni mhakiki. Ndiye anayemwelekezea Assef manati kwenye jicho. Ndiye ambaye, Amir anapomrushia makomamanga akitaka arudishiwe, anachukua moja na kulipasua kwenye paji la uso wake mwenyewe. Miongozo huliita tendo hilo upole. Mimi naona jibu, na ni jibu kali. Na kifo chake: Taliban wanamwamuru aondoke katika nyumba ile, anapinga, wanampiga risasi barabarani, na mkewe Farzana baada yake. Mhusika bapa hafi hivyo.

Hili linabadilisha namna tunavyomsoma Amir. Wengi husema amejitakasa kwa kupigwa na Assef alipokwenda kumchukua Sohrab. Kipigo peke yake hakimbadilishi mtu. Baada ya kipigo hicho bado anavunja ahadi aliyompa mtoto kwamba hatamrudisha katika kituo cha yatima, na mtoto anajikata. Badiliko nalitafuta mezani, mbele ya Jenerali Taheri, mkwewe, Amir anapomkataza kumwita Sohrab mvulana wa Kihazara na kumwambia ana jina. Huko ndiko anakogusa mpangilio ulioitengeneza nyumba ya Baba.

4.0 Mapendekezo

1. Swali la sifa za mhusika lisiulizwe peke yake. Lifuatwe na swali la chanzo cha sifa hiyo.

2. Kabla ya kumjadili Hassan, wanafunzi wasome kwa ufupi historia ya Wahazara na Wapashtuni.

3. Kila dai kuhusu Hassan litaje nani anasimulia.

4. Sura ya 16 isomwe darasani neno kwa neno, si kwa muhtasari.

5. Riwaya isomwe sambamba na Kasri ya Mwinyi Fuad.

6. Baba apimwe kwa kanuni yake mwenyewe ya wizi, kwani alimwibia Hassan haki ya kumjua baba.

7. Tukio la kichochoroni lifundishwe kwa uangalifu. Darasani kwetu kuna watoto waliopatwa na mambo hayo, na mwalimu ajue wa kumwelekeza mtoto akihitaji msaada.

8. Wenye mamlaka ya kutunga miongozo, kwa heshima, waangalie upya neno "mwaminifu".

9. Narudia pendekezo la kwanza, kwa sababu ndilo linalosahaulika haraka.

5.0 Hitimisho

Sina hakika mapendekezo haya yatafika mahali pa kuamuliwa. Mengine yamekwisha kuandikwa katika taarifa za semina. Lakini si lazima tungoje waraka. Somo la kesho liko mikononi mwetu. Mwanafunzi akiandika kwamba Hassan ni mwaminifu, usimpe alama kamili mpaka akueleze ni mwaminifu kwa nani, na yule naye alikuwa mwaminifu kwake kiasi gani.