Kiswahili na Lugha ya Pili: Fursa za Kitaaluma na za Kazi kwa Wanafunzi wa Insia

Neno insia hutumika katika vyuo vikuu vya Tanzania kwa maana ya taaluma zinazomchunguza binadamu kupitia lugha, fasihi, historia, falsafa, dini na sanaa zake, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeziweka nyingi kati ya taaluma hizo chini ya Ndaki ya Insia, mbali na Ndaki ya Sayansi za Jamii yenye masomo kama siasa, sosholojia na jiografia. Mwanafunzi wa insia huulizwa na jamaa zake, tangu siku anapopata barua ya udahili, shahada hiyo ataifanyia kazi gani. Mada hii inalijibu swali hilo kwa kutazama hasa shahada moja, ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo inayodhaniwa na wengi kuwa haina soko, ingawa ndiyo iliyofunguliwa milango mingi zaidi katika miaka ya karibuni. Hoja inayojengwa ni kwamba fursa hizo ni za kweli, lakini karibu zote zinamhitaji mtu mwenye Kiswahili cha kitaalamu pamoja na lugha nyingine aliyoifikisha kiwango cha kufanyia kazi. Mhitimu mwenye Kiswahili peke yake hubakiwa na ualimu, nao una masharti yake.

Kabla ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, swali la jamaa halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa serikali ndiyo iliyosomesha na ndiyo iliyowapangia wahitimu vituo vya kazi. Chuo kilichopo Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, na nchi iliyopata uhuru wiki chache baadaye haikuwa na wasomi wa kuchagua. Benjamin Mkapa, aliyehitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, aliingia katika utumishi wa umma, akahariri magazeti, akawa waziri wa mambo ya nje mwaka 1977, kisha rais kuanzia 1995 hadi 2005. Mfano wake hutajwa mara nyingi mbele ya wanafunzi wa sanaa ili kuwatia moyo, lakini una kasoro, kwani wakati huo msomi alitafutwa na ofisi, ilhali leo nafasi moja inayotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hugombewa na umati wa wahitimu. Lililo na faida zaidi katika historia hiyo ni jambo lisilotajwa sana, nalo ni kwamba Mkapa alisimamia The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili, yaani alilipwa kwa kuimudu kalamu katika lugha mbili.

Ualimu ndio mlango unaoonekana kwanza, na haufai kubezwa. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa shahada ya kawaida ya sanaa huchelewa kutambua kwamba shahada hiyo, isiyo na masomo ya elimu ndani yake, haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa sekondari. Anayetaka kufundisha hulazimika kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, kozi inayotolewa na vyuo kadhaa kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo humpa mbinu za kufundishia na mazoezi ya darasani. Nje ya mipaka mahitaji yanaongezeka. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, Rwanda ilikifanya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Afrika Kusini ilikiingiza miongoni mwa masomo ya hiari shuleni. Mwalimu anayekwenda kufundisha Kiswahili kwa watoto wasiokijua, lakini, hafanyi kazi ileile ya kufundisha ngeli kwa mtoto wa Morogoro. Anahitaji mbinu za kufundishia wageni, ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) limekuwa likizitolea mafunzo, na anahitaji lugha ya kuelezea pale ambapo darasa bado halijaelewa neno hata moja.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile iliyozaliwa na maazimio ya kisiasa. Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi, yaani lugha ya kuendeshea vikao na kuandikia nyaraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa upande wake ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar, na tangu mwaka 2022 imempokea mwanachama mkubwa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo upande wake wa mashariki huzungumza Kiswahili huku ofisi zake zikiandika Kifaransa. Maazimio haya yameshangiliwa sana katika makongamano, pengine kuliko yalivyosomwa.

Anayeyasoma ataona kwamba azimio la kuifanya lugha iwe ya kazi huzalisha kwanza ajira za wafasiri na wakalimani. Ufasiri ni kuhawilisha maandishi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Ukalimani ni kuhawilisha mazungumzo, nao una namna mbili kuu, ukalimani fuatizi ambapo mkalimani husubiri msemaji apumzike ndipo aseme, na ukalimani sawia ambapo huketi ndani ya kibanda, akavaa visikizi, akasema wakati uleule msemaji anaposema. Kazi ya ukalimani sawia huchosha akili kiasi kwamba wakalimani hukaa wawili au zaidi katika kibanda kimoja na kupokezana takribani kila nusu saa, kwa hiyo mkutano wa siku tatu wenye lugha nne huhitaji watu wengi. Lakini hakuna mkalimani wa lugha moja. Kikao cha SADC kinahitaji mtu wa kutoa Kireno cha mjumbe wa Msumbiji au Angola na kukiingiza katika Kiswahili, na jozi hiyo ya lugha ina wataalamu wachache mno, ingawa mpaka wa Tanzania na Msumbiji ni mto ambao watu wa Mtwara huuvuka kwa mitumbwi. Jozi ya Kiswahili na Kifaransa ina hali nzuri kidogo, kwa sababu ya Wakongo na Warundi waliokulia katika lugha zote mbili, na hao ndio watakaochukua nafasi hizo ikiwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma ataendelea kuamini kwamba Kiswahili fasaha kinatosha. Ufasaha huo ni mtaji mkubwa, kwani mkalimani hutakiwa kuelekeza kazi yake katika lugha anayoimudu kuliko zote. Ila ni nusu ya mtaji.

Ndani ya nchi, ufasiri umepata nguvu kutokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi zinapaswa kupatikana kwa Kiswahili, na hukumu vilevile. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanasheria asiyejua isimu, yaani sayansi ya lugha, wala na mwanaisimu asiyeweza kutofautisha dhamana na rehani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayechukua hata kozi mbili za sheria kama masomo ya hiari huwa amejisogeza karibu na meza ambayo wenzake hawaioni.

Njia ya kitaaluma, yaani ya kubaki chuoni kwa utafiti na ufundishaji, ina ngazi zinazojulikana: shahada ya awali, umahiri, kisha uzamivu. Kinachofichika ni kwamba mlango wake hufungwa mapema. Mkufunzi msaidizi huajiriwa kwa kawaida akiwa na wastani wa alama usiopungua 3.8 katika shahada ya awali, na wastani huo huanza kuhesabiwa katika mwaka wa kwanza, wakati ambapo wanafunzi wengi bado wanazoea maisha ya bweni. Kwa anayevuka kizingiti hicho, taaluma ya Kiswahili ina msingi wa zamani, kwani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatokana na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, na tasnifu, yaani andiko la utafiti la shahada ya juu, huandikwa hapo kwa Kiswahili. Vyuo vya nje vinavyofundisha na kutafiti lugha hii ni vingi: Bayreuth na Leipzig nchini Ujerumani, SOAS jijini London, INALCO jijini Paris, L'Orientale mjini Naples, Hankuk mjini Seoul, Osaka nchini Japani, na vyuo kadhaa vya Beijing. Ufadhili wa kwenda huko, kama ule wa DAAD wa Ujerumani au wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza, huombwa kwa kuandika pendekezo la utafiti, na pendekezo hilo kwa kawaida haliandikwi kwa Kiswahili. Jambo hili linaweza kuitwa kejeli ya taaluma, na linafaa kulalamikiwa, lakini mwombaji wa mwaka huu hana budi kulitimiza.

Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni ni fursa nyingine inayoeleweka vibaya. Huwapeleka vijana Marekani kwa takribani miezi tisa, wakasaidie kufundisha Kiswahili chuoni huku wenyewe wakisoma kozi chache. Hautoi shahada, na mshiriki hutakiwa kurudi nyumbani muda ukiisha. Thamani yake iko katika uzoefu wa darasa la wageni, ambao baadaye humsaidia anayeomba uzamivu au nafasi ya kufundisha kwingineko.

Uwanja mpya kabisa ni wa teknolojia ya lugha. Kompyuta inayotakiwa kutafsiri, kusahihisha tahajia au kugeuza sauti kuwa maandishi hujifunza kutokana na mkusanyiko mkubwa wa matini uliopangwa na kuwekewa alama, unaoitwa kongoo, na mmojawapo wa zamani kwa Kiswahili uliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiswahili huisumbua mitambo iliyobuniwa kwa lugha za Ulaya, kwa kuwa kitenzi kimoja, mathalani wasingelitufikishia, hubeba nafsi, ukanushi, hali ya masharti, mtendwa na kauli, mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno mengi. Mofolojia, yaani somo la muundo wa maneno, ambalo vizazi vya wanafunzi vimelikariri kwa ajili ya mtihani tu, hatimaye limepata mnunuzi. Lugha ya pili inayohitajika hapa si lazima iwe ya binadamu. Mwanafunzi anayejifunza msingi wa kuandika programu kwa Python, na intaneti imejaa masomo hayo bila malipo, anaweza kuzungumza na wahandisi badala ya kungoja kulipwa kwa kila sentensi anayoiwekea alama, kazi ambayo malipo yake ni madogo.

Wanafunzi wa historia na akiolojia wana uwanja wao katika hifadhi ya nyaraka na malikale, kuanzia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hadi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia mwaka 2006. Kwao pia, mwongoza watalii mwenye Kiitaliano au Kichina na elimu ya kweli ya historia hupata kazi kabla ya yule mwenye historia pekee.

Idara zenyewe zina sehemu yake ya lawama. Programu ya shahada inayomruhusu mwanafunzi kumaliza miaka mitatu bila kufasiri ukurasa mmoja ulioonwa na msomaji wa nje ya darasa, na bila kuisogelea lugha nyingine zaidi ya Kiingereza cha kuandikia ripoti, haiwezi kulaumu soko. Wakuu wa idara za Kiswahili wanaombwa kuifanya lugha ya kigeni, hasa Kifaransa au Kireno, kuwa somo la lazima tangu muhula wa kwanza, na kuyahesabu mafunzo kwa vitendo katika ofisi za wafasiri kuwa sehemu ya alama za shahada. Wanafunzi ambao sasa wako mwaka wa kwanza wanaombwa wasiusubiri uamuzi huo. Vituo vya utamaduni vya Ufaransa vipo Dar es Salaam na Arusha, na mafunzo ya ngazi ya awali hupokea watu wasiojua neno hata moja.