"Mama Amezoea"

(Maneno ya mawaidha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu vijana, mwezi huu mtukufu kuna neno tunalisikia sana majumbani. Mama amefunga kama sisi. Anarudi na mtungi wa maji kichwani, kisha anaingia jikoni kutayarisha futari. Kijana wake amelala. Ukimuuliza atakwambia: "Sina nguvu, nimefunga. Mama yeye amezoea." Hebu leo tulipime neno hili kwa elimu.

Kwanza tujue misuli inavyotumia nguvu. Shika ndoo ya maji, nyoosha mkono, usiisogeze. Ndoo haijaenda popote, lakini baada ya muda mkono unatetemeka na kuuma. Maanake msuli unatumia akiba yake hata ukiwa umeshikilia tu. Na ukitembea, katika nguvu yote inayotumiwa na misuli, takriban robo tu ndiyo inayokuwa kazi. Iliyobaki inakuwa joto, ndiyo tunatoka jasho. Kwa hivyo wataalamu hawahesabu uzito na masafa peke yake. Wanapima pumzi: kila lita ya oksijeni unayotumia ni takriban kilojuli 20 za nguvu.

Mwaka 1986 mtaalamu Mkenya, G.M.O. Maloiy, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu hapa kwetu Kenya. Waliona ajabu. Mama aliweza kubeba mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu! Mwaka 1995 watafiti wakaeleza sababu. Kutembea ni kama bembea: mwili unapanda juu ya mguu, kisha unashuka mbele, na nguvu ya kushuka inasaidia hatua inayofuata. Akina mama hao, wakibeba mzigo, walipoteza nguvu kidogo zaidi katika kupanda na kushuka huko.

Utasema, "Si ndiyo hivyo? Amezoea!" Ngoja kwanza, tupige hesabu. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Zimezidi kilo 8, na kila kilo iliyozidi inalipiwa. Tena vipimo vile ni vya kutembea tambarare, si kupanda kilima na kuinamia kisima. Na mwaka 2010 wanawake wa Afrika Kusini walipopimwa, nafuu ile haikuonekana kwa wote. Wengine walitumia nguvu zaidi, ingawa ni watu wa kubeba vichwani siku zote.

Basi mazoea hayafuti gharama. Na aliyefunga analipa mara mbili: nguvu iliyotumika, na jasho ambalo maji yake hayarudi mpaka adhana ya Magharibi.

Na wewe kijana mzima uliyekula daku, usiseme huna nguvu. Mwili wako una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na mafuta juu yake. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, hatumlaumu. Lakini usingizi wa kuanzia Adhuhuri mpaka Magharibi si ugonjwa!

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Huyo ndiye kiigizo chetu. Sasa sisi ni nani hata tuone haya kubeba mtungi?

Nawaomba mambo matatu. Maji yachotwe na vijana, asubuhi mapema au usiku baada ya tarawehe, jua likiwa halipo. Mzigo mzito ugawanywe mara mbili, au utiwe kwenye mkokoteni. Na jioni mmoja wetu aingie jikoni, mama apate kukaa japo robo saa kabla ya adhana.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na awarehemu wazazi wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.