Kujifunza Hesabu ni Kutenda



Chuo kilichofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka 1956 kwa jina la Royal Technical College ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Leo masomo ya hesabu na sayansi ya chuo hicho yako Chiromo, karibu na barabara iendayo Westlands. Wapo wanafunzi wafikao huko kila asubuhi kwa matatu kutoka Kangemi, Kawangware na Kabete, na nyuma ya wengi wao kuna jamaa waliouza mifugo au kukopa fedha ili karo ipatikane.

Kwa wengi wao hesabu ndiyo kizingiti. Atakaye uhandisi, uhasibu au elimu ya takwimu hawezi kuiepuka, na anayeshindwa katika mwaka wa kwanza hupoteza wakati na fedha kwa kurudia mitihani. Hapo ndipo watu husema, "Huyu hana kichwa cha hesabu." Neno hilo yafaa lichunguzwe kabla ya kusadikiwa.

Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa katika chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wakishindwa katika hesabu iitwayo kalkulasi, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Baadhi ya walimu walidhani sababu ni upungufu wa bidii au malezi ya nyumbani. Treisman aliwafuata wanafunzi hao mahali walipojisomea, akaona kwamba bidii walikuwa nayo. Lakini wanafunzi weusi walisoma kila mtu peke yake, kama saa 8 kwa juma. Wale wa asili ya Kichina walisoma kama saa 14: kwanza kila mmoja peke yake, kisha walikutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Hivyo aliyekwama alijua mara moja kama kosa ni lake au kama swali ni gumu kwa wote. Treisman alianzisha makundi ya kufanya maswali magumu kwa pamoja, na wanafunzi weusi waliojiunga nayo wakafaulu vizuri sana.

Kenya nayo imekwisha kushika njia iliyo karibu na hiyo. Mwaka 1998 Serikali, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mpango wa SMASSE ili kuimarisha mafundisho ya hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Kituo kinachoendeleza kazi hiyo, CEMASTEA, kiko Karen, pembeni mwa mji. Mafundisho yake ni haya: mwalimu asiwe msemaji peke yake, bali mwanafunzi atende; na kifaa kikikosekana, kitengenezwe kwa vitu vilivyopo.

Tuchukue mfano. Yako makopo mawili ya kimo kimoja, lakini upana wa la pili ni mara mbili ya upana wa la kwanza. Kopo kubwa litajazwa kwa makopo mangapi madogo ya maji? Wengi watajibu mawili. Lakini mtoto akimimina maji mwenyewe ataona kwamba yanahitajika manne. Hapo ndipo aulizwe sababu, naye atatambua kwamba upana umezidi mara mbili kwa kila upande, na mbili mara mbili ni nne. Aliyekariri kanuni tu aweza kuisahau siku ya mtihani. Aliyeelewa sababu aweza kuiunda tena. Naye akifika Chiromo na kuulizwa maji yapanda kwa kasi gani katika tangi, hatakuwa mgeni wa swali hilo.

Basi mwanafunzi afanye nini? Kwanza, asiridhike kusoma mfano uliokwisha kufanywa katika kitabu. Aufunike, achukue kalamu, aufanye upya mwenyewe. Pili, ajaribu maswali peke yake kwanza, kisha akutane na wenzake watatu au wanne, na kila mmoja aeleze njia yake kwa sauti. Kunakili jibu la mwenzi si kusoma pamoja. Tatu, ayatunze makosa yake katika daftari na kuandika chanzo cha kila moja. Nne, aende kwa mwalimu mapema akiwa na swali, wala asingoje juma la mtihani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili si la wanachuo peke yao. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hesabu itakuwa somo la lazima kwa wote katika sekondari ya juu, kwa namna mbili: moja kwa wanaofuata sayansi na ufundi, na nyingine iliyo nyepesi kwa wengine.

Wazazi, hata asiyejua kalkulasi aweza kusaidia. Mtoto ajapo nyumbani na alama mbaya, asiambiwe kwamba hana kichwa cha hesabu. Aulizwe mambo mawili: amekwama wapi, na anasoma pamoja na nani. Asipokuwa na jibu la swali la pili, atafutiwe wenzi kabla ya kulaumiwa.